JERAHA LA UKINGO WA NYWELE: LITUNZE MAPEMA, KOVU LITATULIA

Ukingo wa nywele ni pale paji la uso linapokwisha na nywele zinapoanza. Ni mahali padogo, lakini mtu akikutazama usoni, macho yake hupita hapo. Kwa hiyo kovu la hapo humsumbua mwenye nalo kuliko kovu la mguuni, hata likiwa dogo zaidi.

Watu hupata jeraha la mahali hapo kwa njia nyingi. Huku Holili, mpakani na Taveta, wapo wanaoanguka na pikipiki katika barabara ya Himo. Wapo wanaopigwa na jiwe au chuma kazini. Wapo watoto wanaogonga kichwa kwenye kizingiti. Siku hizi wapo pia wanaokatwa kwa hiari yao, yaani kwa kisu cha daktari. Hao ni watu wenye paji refu, ambao hufanyiwa upasuaji wa kushusha ukingo wa nywele ili paji lipungue. Upasuaji huo hufanyika zaidi katika miji mikubwa na nchi za nje. Lakini mgonjwa akitoka hospitali hurudi nyumbani, na kidonda huja naye. Atakayemsaidia kukitunza ni mama yake, dada yake, au mganga wa zahanati ya karibu.

Ndugu msomaji, jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kovu haliamuliwi siku ile nyuzi zinapotolewa. Kovu hukomaa kwa muda wa mwaka mzima, na pengine zaidi. Katika muda huo liko mikononi mwako. Ukilitunza, mara nyingi hutulia. Ukilichokoza, laweza kukushinda.

DAKTARI HUFANYA NINI?

Katika upasuaji huu daktari hukata ngozi kwa kufuata ukingo wa nywele, kutoka upande mmoja wa paji hadi wa pili. Huondoa ukanda wa ngozi ya paji. Kisha huilegeza ngozi ya kichwa, huivuta mbele na kuishona. Kwa watu wengi ukingo hushuka sentimita 2 hadi 3. Madaktari wengi hukata kwa mshazari ili baadhi ya nywele ziote kupitia katika kovu lenyewe na kulificha.

Aliyepasuliwa kichwani kwa ajali hushonwa kwa njia rahisi zaidi, lakini ngozi ni ile ile, na uponaji wake hufuata hatua zile zile. Yafuatayo yanawahusu wote wawili.

KAMA NI AJALI, ANZA HIVI

Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu. Jeraha dogo huweza kutoa damu ya kutisha. Usihangaike. Chukua kitambaa safi, kandamiza juu ya jeraha kwa dakika 10 bila kufunuafunua. Usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe, udongo wala mafuta ya taa. Vitu hivyo huchafua jeraha au kuunguza ngozi, na uchafu wa udongo na kinyesi huweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua. Mpeleke majeruhi zahanati ashonwe siku hiyo hiyo, na mwulize mganga kuhusu sindano ya kuzuia pepopunda.

Ikiwa aliyepigwa kichwani alizimia, anatapika, analala bila kuamka vizuri, au anasema maneno yasiyoeleweka, hilo si jambo la kovu tena. Mpeleke hospitali haraka.

WIKI MBILI ZA KWANZA

Siku ya pili na ya tatu uso huweza kuvimba, na uvimbe ukashuka mpaka kwenye kope. Baada ya upasuaji hilo ni la kawaida. Mgonjwa alale akiwa ameinua kichwa kwa mito miwili. Uvimbe utapungua wenyewe.

Anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kuanzia siku ile daktari aliyosema. Baada ya kukausha polepole kwa kitambaa safi, paka mafuta ya mgando kidogo kutoka katika kopo jipya, kisha funika. Wengi hudhani kwamba kidonda sharti kikauke na kufanya gaga gumu. Sivyo. Kidonda kisafi chenye unyevu kidogo hupona vizuri zaidi, na gaga likibanduliwa kwa kucha huacha kovu baya.

Nyuzi za usoni kwa kawaida hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, na za kichwani baada ya siku 7 hadi 10. Shika tarehe uliyopewa. Nyuzi zikikaa muda mrefu mno huacha alama za vitundu kando ya kovu. Zikitolewa mapema mno, jeraha huweza kufumuka.

Mama aliyefanyiwa upasuaji huu anaweza kuuliza: "Mganga, naweza kubeba ndoo ya maji au mkungu wa ndizi kichwani?" Hapana, mama. Mzigo wa kichwani huvuta ngozi iliyoshonwa na kuisugua. Kuinama kwa muda mrefu shambani na kuinua vitu vizito huongeza uvimbe na damu. Kazi hizo zisubiri, mara nyingi wiki 3 au zaidi, mpaka daktari akuruhusu. Hapa ndipo mume, watoto na majirani wanapotakiwa kusaidia.

Angalia dalili za hatari: usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Vitabu vingi husema kidonda kilichoharibika huwa chekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Weka mgongo wa mkono wako safi karibu na kidonda. Ukikuta pana joto kali na pamekuwa pagumu, nenda zahanati.

KUTOKA MWEZI WA KWANZA HADI MWAKA

Ngozi ikishafunga, kazi ya ndani ndiyo kwanza inaanza. Mwili hutengeneza nyuzi zake wenyewe za kuunganisha pande mbili za jeraha. Mwanzoni huzitengeneza kwa wingi na ovyo, kama mtu anayeziba ufa upesi upesi. Baadaye huzipanga upya polepole. Kwa sababu hiyo kovu la mwezi wa pili mara nyingi huonekana baya kuliko la wiki ya tatu. Huwa gumu, limeinuka, linawasha. Wengi hukata tamaa wakati huo na kuanza kupaka kila kitu. Vumilia. Kovu la kawaida hulainika na kushuka miezi inavyopita. Hata likikomaa, nguvu yake hufikia kama asilimia 80 tu ya ngozi ya awali.

Mambo mengine mawili huwatisha watu. La kwanza ni ganzi. Mishipa midogo ya fahamu hukatwa wakati wa upasuaji, hivyo sehemu ya kichwa nyuma ya kovu hufa ganzi kwa miezi kadhaa. Wakati huo usitumie kitana cha moto wala mashine ya kukaushia nywele, kwa kuwa utaungua bila kujua. La pili ni nywele za kando ya kovu kunyonyoka. Hilo hutokea kwa baadhi ya watu kwa sababu ngozi imeshtuka. Mara nyingi nywele huanza kuota tena baada ya miezi 3 au 4.

Katika kipindi hiki fanya haya:

1. Likinge kovu na jua. Nchi ya chini, kama Holili, ina jua kali na vumbi. Jua hulifanya kovu changa kuwa jeusi kuliko ngozi ya jirani. Vaa kofia pana au kitambaa safi cha pamba kisichobana.

2. Baada ya kidonda kufunga kabisa, lisugue kovu polepole kwa ncha ya kidole na mafuta ya mgando, dakika chache asubuhi na jioni.

3. Kama unaweza kuzipata, zipo karatasi laini za silikoni zinazobandikwa juu ya kovu. Huvaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi 2 au 3.

4. Usisuke nywele za mbele kwa kuvuta, wala usipitishe dawa ya kulainisha nywele juu ya kovu changa.

5. Usipake krimu za kuchubua ngozi. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa sababu vinadhuru mwili.

KOVU LINALOVUKA MPAKA

Yako makovu ya kuvimba ya namna mbili, na ni muhimu kuyatofautisha.

La kwanza huinuka, lakini hubaki ndani ya mipaka ya jeraha. Huanza katika wiki za mwanzo, na mara nyingi hupungua lenyewe.

La pili huitwa keloidi. Hili huvuka mpaka wa jeraha na kuingia katika ngozi ambayo haikuguswa na kisu. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, kwa jinsi linavyotambaa pembeni. Lilipewa jina hilo na daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, mwanzoni mwa karne ya 19. Keloidi huweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kupona. Huwasha, huuma, na haishuki yenyewe. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na vijana kuliko wazee, na mara nyingi hufuata ukoo. Hupenda zaidi masikio, kifua, mabega na taya. Paji la uso halimo miongoni mwa sehemu zinazoipata sana, lakini aliye na keloidi sikioni au kifuani ajihadhari na kila kisu.

Keloidi si laana, si kurogwa, haiambukizi, na si saratani. Usimkimbie mwenye nayo, wala usimcheke.

USIKATE, USICHANJE

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Mtu huona uvimbe, huenda kukatwa au kuchanjwa chale juu yake. Kwa mwili wenye tabia hiyo, kila mkato mpya ni mwanzo wa keloidi mpya. Hata hospitalini, keloidi ikikatwa tu bila matibabu mengine, hurudi kwa nusu ya wagonjwa au zaidi, na pengine huwa kubwa kuliko ya kwanza.

Matibabu yenyewe yapo. Daktari huchoma sindano ya dawa ndani ya kovu lenyewe, kwa kawaida kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Dawa hiyo hulainisha kovu, hupunguza muwasho, na huweza kuacha weupe au kibonde kidogo. Ikibidi kukata, hufuatishwa sindano au mionzi. Kovu dogo hutibika kwa urahisi kuliko kubwa, basi usingoje.

Anza na zahanati au kituo cha afya, uombe barua ya rufaa. Moshi ipo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo tangu mwaka 1992 kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachofundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika. Kutoka Holili ni njia moja tu, kupitia Himo.

KABLA YA KUKUBALI KISU

Wako dada zetu ambao paji lao halikuumbwa refu. Limerefuka kwa sababu nywele za mbele zimeng'oka kwa kusukwa kwa kuvuta, mwaka baada ya mwaka. Huyo hahitaji kukimbilia upasuaji. Akiacha mapema kusuka kwa kubana, nywele huweza kurudi. Akichelewa, mashina ya nywele hufa na ngozi hubaki laini. Ukiona vipele au maumivu ukingoni baada ya kusukwa, fumua siku hiyo hiyo.

Anayekusudia upasuaji amwulize daktari mambo haya: Kovu litakaa wapi? Nani atanitoa nyuzi nikiwa nyumbani? Nikipata keloidi utanitibu vipi? Naye amweleze daktari ukweli kama yeye au ndugu zake wana makovu ya kuvimba.

Aliyekwisha kupata kovu asijifungie ndani. Kuvaa kilemba ni vizuri, lakini asikivae ili kumficha mganga. Wenzake wamwite kwa jina lake, wasimwite kwa kovu lake.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kovu la mwezi wa pili si kovu la mwisho?
2. Taja tofauti kati ya kovu la kawaida lililovimba na keloidi.
3. Katika kijiji chenu watu huweka nini juu ya jeraha la kichwani? Kipi kina madhara?
4. Mama akikatazwa kubeba mzigo kichwani kwa wiki 3, nani nyumbani atachota maji?