Kidonge cha kumbukumbu na walioko nyuma yake

Anayetaka kuielewa biashara ya vidonge vya kuongeza kumbukumbu asianzie kwenye ubongo. Aanzie Washington, Oktoba 25, 1994, siku Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya virutubisho lishe. Sheria hiyo ilipiganiwa na Orrin Hatch, seneta wa Utah, jimbo ambalo hadi leo limejaa viwanda vya virutubisho, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa mmoja: kirutubisho kihesabiwe katika fungu la chakula, si la dawa. Mwenye dawa lazima aipelekee FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ushahidi kwamba dawa yake inafanya kazi kabla hajauza hata kidonge kimoja. Mwenye kirutubisho huuza kwanza. Mamlaka ikishuku jambo, kazi ya kulithibitisha ni yake, na wakati huo bidhaa imekwisha kuenea madukani.

Sheria ikaacha na mlango ambao biashara yote ya kumbukumbu hupitia. Huruhusiwi kuandika kwamba kidonge chako kinatibu Alzheimer. Unaruhusiwa kuandika kwamba kinasaidia kumbukumbu au kinachangia umakini, mradi uiarifu FDA ndani ya siku 30 tangu kuanza kuuza, na uweke kwenye lebo maelezo kwamba mamlaka haijayapima madai hayo na kwamba bidhaa haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Ndiyo maana kichupa kimoja hubeba maneno ya aina mbili: makubwa kwa mbele, ya kumvuta mnunuzi, na madogo kwa nyuma, ya kumkinga muuzaji. Mgeni wa soko hili akianza kusoma kwa nyuma, amekwisha kujua nusu ya biashara.

Wengi hudhani wenye mali ni waganga wa mitishamba au madaktari waliostaafu. Wapo, ila fedha nzito zimekaa kwingine. Mwaka 2021 Nestlé, hao hao wa Nescafé, walikubali kutoa dola bilioni 5.75 kununua chapa kuu za The Bountiful Company, ikiwemo Nature's Bounty. Mwaka huohuo Unilever, wenye Omo na Lifebuoy, wakainunua Onnit ya Austin, Texas, inayouza Alpha Brain, kidonge cha umakini kilichojulikana kupitia mtangazaji Joe Rogan. Centrum, multivitamini ya siku nyingi, ilikuwa ya Pfizer, na tangu 2022 imo mikononi mwa Haleon, kampuni iliyotokana na GSK.

Kinachowavuta ni hesabu. Dawa mpya ya Alzheimer hula miaka mingi na fedha nyingi kabla ya kuruhusiwa, na nyingi huishia njiani. Kirutubisho kinataka unga, mashine ya kujaza kapsuli na lebo ya kupendeza. Wenye chapa wengi hata kiwanda hawana. Unga hutoka China au India, kiwanda cha kukodi huko Utah, New Jersey au California kinajaza na kufungasha, na mwenye chapa anabaki na kazi ya kutangaza. Sheria inamruhusu pia kuorodhesha viambato chini ya kichwa cha mchanganyiko maalumu, akataja uzito wa mchanganyiko mzima bila kusema kila kimoja kimo kwa kiasi gani. Mnunuzi anaona majina kumi ya mimea na uyoga, asijue kama mmea alioufuata umo kwa miligramu 300 au kwa chembe tu ya kupamba lebo.

Kesi iliyoianika biashara hii ni ya Prevagen. Quincy Bioscience ya Madison, Wisconsin, ilianza kuiuza mwaka 2007. Kiini chake ni apoekworini, protini iliyogunduliwa kwa yavuyavu anayeitwa Aequorea victoria, anayetoa mwanga katika bahari ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Sayansi ya mwanga huo haina shaka. Osamu Shimomura, Mjapani aliyewavua yavuyavu hao kwa maelfu, aliitoa protini yao mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2008 akapata mgawo wake wa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili ya protini nyingine, ya kijani, aliyoikuta kwa viumbe haohao. Lakini tuzo hiyo haikuwa na lolote la kusema kuhusu mzee anayesahau alikoweka funguo.

Hilo la kumbukumbu lilitafutiwa ushahidi na kampuni yenyewe. Ilichukua watu 218, ikawafuatilia siku 90, baadhi wakimeza Prevagen na wengine kidonge bandia kisicho na kitu. Kwa mujibu wa hati za mashtaka zilizofunguliwa baadaye, makundi mawili yalipolinganishwa kwa ujumla wake, waliomeza Prevagen hawakuwapita wenzao. Ndipo data ikaanza kukatwa vipande, zaidi ya mara 30, ikitafutwa sehemu yoyote yenye nafuu. Mvuvi akitupa wavu mara 30 hakosi dagaa, na dagaa wachache waliopatikana ndio waliopelekwa kwenye televisheni. Washtaki walikuwa na hoja nyingine nyepesi kuifuata: protini ikimezwa, tumbo huivunja kama linavyovunja protini ya maharage, na kampuni haikuwa na ushahidi kwamba apoekworini inafika kwenye ubongo wa mtu.

Washtaki hao walikuwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, na mwanasheria mkuu wa New York. Walifungua kesi Januari 2017. Hati zao zilitaja mauzo ya dola milioni 165 hadi kufikia katikati ya 2015, kichupa cha vidonge 30 kikiuzwa kuanzia dola 24 hadi karibu dola 70. Kesi ikatupwa mwaka huohuo, ikafufuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2019, na Machi 2024 jopo la raia waliosikiliza kesi likaona kwamba madai kadhaa ya kampuni hayakuwa na ushahidi wa kisayansi wa kutegemewa. Desemba 2024 mahakama ikaipiga marufuku kampuni kutangaza kwamba bidhaa hiyo inaboresha kumbukumbu. Amri iligusa maneno ya matangazo, haikuiondoa bidhaa madukani. Tangu kichupa cha kwanza hadi amri hiyo ilipita miaka 17, na kwa mfanyabiashara, miaka 17 ya mauzo ni maisha mazima.

Ukiacha yavuyavu, mkongwe wa rafu hii ni ginkgo, dondoo la majani ya mti wa Kichina. Huyu alipimwa vizuri kuliko karibu wenzake wote. Serikali ya Marekani iligharimia utafiti wa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea. Nusu walimeza ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu kidonge bandia, na walifuatiliwa kwa takribani miaka sita. Matokeo yalitoka 2008: waliopata dimenshia, maradhi ya kupoteza akili uzeeni, walikuwa 277 upande wa ginkgo na 246 upande wa kidonge bandia. Tofauti hiyo kitakwimu si kitu, ila kinga haikuonekana. Ginkgo bado inauzwa, na anayemeza warfarini au asipirini kila siku amwambie daktari wake kabla ya kuigusa, kwa sababu inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Mafuta ya samaki yana sifa kubwa zaidi na matokeo yasiyo mbali na hayo. Utafiti mkubwa uliotangazwa 2015, uliowafuata wazee kwa miaka mitano hivi, haukuona kwamba vidonge vya omega-3 vilipunguza kasi ya akili kufifia. Kula samaki ni jambo jingine, tena jema. Uyoga wa manyoya ya simba na mmea wa Kihindi wa brahmi vina tafiti ndogondogo zinazotia moyo, na kwa udogo wake mimi nisingezitolea fedha.

Multivitamini ya kawaida, ile isiyo na makeke, ndiyo imeleta mshangao. Mwaka 2013 utafiti wa madaktari wanaume karibu 6,000 wa Marekani, waliomeza kwa miaka 12, haukuona faida yoyote kwa akili. Kisha mwaka 2022 na 2023 tafiti mbili za mradi wa COSMOS, moja ya watu 2,262 na nyingine ya 3,562, zikaona nafuu kidogo kwa wazee. Kampuni ya chokoleti ya Mars ilichangia gharama, kwa kuwa mradi ulipima pia dondoo la kakao, na Pfizer ikatoa vidonge. Mgeni wa soko hili alijue hilo la gharama, wala asiyatupe matokeo: nafuu ilikuwa ndogo, lakini ilitokea zaidi ya mara moja. Katika rafu nzima, hapo ndipo penye dalili, na kidonge chenyewe ni cha bei ya chini.

Kuna kiambato kimoja kinachofanya kazi bila ubishi, nacho ni kafeini. Vidonge vingi vya umakini vimejaa hiyo. Mtu humeza, nusu saa baadaye anachangamka, anaisifu brahmi na uyoga. Kikombe cha kahawa kina miligramu mia moja hivi, na robusta ya Kagera ina kafeini karibu maradufu ya arabika. Wazee wa baraza wenye kahawa chungu na kashata wamekuwa wakitumia bidhaa hii kwa bei ya heshima kwa vizazi, bila lebo.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vichupa vya mtandaoni. Pirasetamu ilibuniwa mwaka 1964 katika kampuni ya UCB ya Ubelgiji na Corneliu Giurgea, Mromania aliyelipa jina kundi zima la dawa za namna hii. Ulaya ni dawa ya kuandikiwa na daktari, Marekani haijawahi kuidhinishwa. Hata hivyo watafiti wakiongozwa na Dk. Pieter Cohen wa Harvard waliikuta ndani ya vichupa vinavyouzwa Marekani kama virutubisho, na baadaye wakakuta dawa nyingine zisizoidhinishwa. Mnunuzi alilipia kirutubisho, akameza dawa bila kipimo cha daktari. Alama ya USP au NSF kwenye kichupa husaidia hapa: inaonyesha kwamba mtu wa nje amekagua kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kama kilichomo kinaongeza kumbukumbu, alama haisemi.

Biashara hii inafika kwetu kwa njia mbili. Moja ni duka la dawa. Nyingine, yenye kelele zaidi, ni biashara ya mtandao: jirani au binamu aliyejiunga, anayekusanya pointi, anayetafuta watu wa kuwaweka chini yake, na anayekutumia picha za vichupa kila asubuhi kwa WhatsApp. Muuzaji wa namna hii kwanza ni mnunuzi, maana asiponunua mzigo wa mwezi pointi zinashuka. Kumuuliza ushahidi ni kumwonea. Naye ameupokea kwenye semina. Ndiyo maana lebo ya Marekani, iliyoandikwa kwa uangalifu wa kisheria, ikifika Mbagala au Kisumu hugeuka mdomoni kuwa dawa ya kiharusi, ya kusahau na ya watoto wanaofeli. Yale maneno madogo ya nyuma ya kichupa hayasafiri.

Upande wa serikali nao mipaka imesogezwa. Mwaka 2019 Tanzania iliihamishia TBS, shirika la viwango, majukumu ya chakula, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu. Muuzaji wa haki hataona shida kukuonyesha usajili wa bidhaa yake.

Kinachouma ni kwamba virutubisho vinavyogusa akili kweli tunavyo, na havina matangazo. Upungufu wa madini joto wakati wa ujauzito hudhuru ubongo wa mtoto tumboni, na kuyatia kwenye chumvi kunagharimu senti chache za dola kwa mtu kwa mwaka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, hali inayoleta uchovu na akili nzito. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito havina balozi mwenye gari jipya. Vitamini B12 nayo ikipungua husababisha kusahau, na wagonjwa wa kisukari wanaomeza metformini kwa miaka wamo hatarini kupungukiwa nayo. Mwili uliopungukiwa ukirudishiwa kilichopungua, akili huweza kuchangamka. Mwili usiopungukiwa ukiongezewa, sehemu kubwa huishia chooni.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, pima damu, B12 na tezi ya thairoidi. Angalia dawa unazotumia: Piriton ya mafua peke yake inatosha kumtia mtu usingizi na uzito wa kichwa. Hesabu saa unazolala. Vikiwa sawa vyote na bado unataka kununua, mwulize muuzaji utafiti ulifanyiwa watu wangapi, kwa muda gani, na nani alilipia. Na kama ni mzazi wako aliyeanza kurudia swali lilelile au kupotea njia anayoijua, usimpeleke dukani. Mpeleke hospitali wiki hii.