Malalamiko ya Kukhu Yasiishie kwa Liguru

Bokoli, kama kwingineko Bungoma, habari za mzee anayedhulumiwa nyumbani humfikia kwanza liguru, yaani mzee wa kijiji, halafu naibu wa chifu, mara chache chifu mwenyewe. Jibu linalosikika sana ni kwamba hayo ni mambo ya familia, wakakae kikao. Kikao kinakaa, anayelaumiwa anaahidi kujirekebisha, chai inanywewa, na kukhu, yaani nyanya wa watu, anarudi katika nyumba ile ile. Hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Hali ikizorota baadaye, kila ofisi itasema haikupata malalamiko yoyote, na ukifungua daftari zake utakuta inasema kweli.

Sipingi kikao, kimeokoa ndugu wengi wasifikishane mahakamani. Lakini hakiwezi kumlinda mtu anayelala nyumba moja na anayempiga.

Sheria haijanyamaza. Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa aliyefikisha miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia pamoja na Serikali. Ibara ya 54 inalinda utu wa mwenye ulemavu. Ibara ya 21 inavibebesha vyombo vyote vya dola, na kila mtumishi wa umma, wajibu wa kushughulikia mahitaji ya wanyonge. Kwa hiyo chifu anayesema hayamhusu amekosea.

Udhaifu wetu uko kwingine. Uingereza, kifungu cha 42 cha Sheria ya Matunzo ya 2014 kinailazimisha halmashauri kuchunguza inaposhuku kwamba mtu mzima anayehitaji matunzo anadhulumiwa na hawezi kujilinda. Ikizembea, inajulikana nani wa kushtakiwa kwa ombudsman. Kwetu mzigo umegawanywa: kipigo ni cha polisi, fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee posho, ni za afisa wa ustawi wa jamii, zahanati ni ya kaunti, chifu ni wa serikali kuu. Tena familia nyingi za huku zina shamba upande wa Kitale. Kukhu akihamishiwa kwa mwanawe huko, amevuka kaunti. Bungoma watasema sasa ni mtu wa Trans Nzoia, na Trans Nzoia watasema jina lake limeandikishwa Bungoma.

Ndiyo maana nasisitiza malalamiko yawe mawili. La kwanza ni juu ya dhuluma yenyewe. Akipigwa, nendeni polisi, mwombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu hata unyanyasaji wa kiuchumi, na mtu mwingine anaweza kuiomba mahakama amri ya ulinzi kwa niaba ya mzee asiyejiweza. Kama anayemchukulia mzee shilingi 2,000 za Inua Jamii za kila mwezi hamfikishii, mwandikieni afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo mkitaka mchukuaji huyo abadilishwe, au mpige 1533, laini ya bure.

La pili ni juu ya ofisi iliyoambiwa ikakaa kimya, na hili ndilo watu huliacha. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa upesi na kwa haki. Barua haihitaji Kiingereza cha mawakili. Itaje ofisi gani iliambiwa, tarehe gani, nani alipokea, aliombwa kufanya nini, na madhara yaliyofuata. Ipelekeni kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Haitozi malipo. Ikiwa uzembe ni wa polisi, ipelekeni IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi.

Kuna silaha nyingine isiyotumiwa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiuliza ofisi ilichukua hatua gani, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Mzee akitishwa kwa tuhuma za uchawi, kimbilieni polisi siku hiyo hiyo na mtumie hizo saa 48 kudai mwambiwe hatua iliyochukuliwa. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo.

Kukhu wengi hawawezi kuandika barua hizi, na wengine humwogopa anayewalisha. Walimu, wahudumu wa afya ya jamii, wachungaji na vijana mliomaliza shule hapo Bokoli, nawaomba muwaandikie. Tengenezeni nakala mbili, ya kwenu igongwe muhuri. Ofisi ikikataa kuigonga, andikeni tarehe, saa na jina la aliyekataa. Hilo nalo ni ushahidi.