Hita Ingojee Kwanza: Funzo la Msikiti Mmoja wa Eldoret

Mtu wa Mombasa akitawadha alfajiri mjini Eldoret kwa mara ya kwanza, hufahamu kuwa ile baridi anayoilalamikia kwao mwezi wa Julai si baridi. Mji ule uko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na maji yaliyolala kwenye tangi la nje yakikugusa kifundo cha mguu hulali tena.

Mwaka jana nilimpeleka mpwa wangu chuoni huko, nikakaa wiki mbili. Nikiswali kwenye msikiti mmoja wa zamani wenye madrasa ubavuni, kuta za mawe, paa la mabati lisilo na dari. Jina nitalisitiri, maana makosa yake tunayo hata sisi huku. Wazee wawili watatu walikuwa wameacha kuja alfajiri, na si kwa uvivu. Mmoja ana baridi yabisi ya vidole, akaniambia: "Mwanangu, nikishatawadha siwezi hata kufunga kifungo cha kanzu."

Kamati ikachangisha pesa za hita ya jua. Kijana mmoja akapinga, ati thawabu ya udhu wa baridi itapotea. Ni kweli ipo hadithi sahihi juu ya fadhila ya kutimiza udhu panapokuwa na uzito. Lakini uzito kukujia ni jambo moja, kumtwika mzee wa watu ni jambo jingine. Amr bin al-As katika safari ya Dhat as-Salasil aliogopa kuoga janaba usiku wa baridi kali, akatayamamu na akaswalisha. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alicheka, hakumkaripia.

Basi akaitwa fundi wa mifereji apime pa kuweka hita. Alikata kipande cha bomba ukutani akatuonyesha: kutu imejaa ndani mpaka tundu limebaki jembamba kama kalamu. "Hita itangoja," akasema. "Kwanza haya." Kamati ilinuna, kwani hita huonekana juu ya paa na mchangaji akafurahi, lakini bomba la ukutani nani ataliona?

Fundi alikuwa na haki. Mabomba ya zamani ni ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikiliwa, chuma huota kutu, na maji ya moto huongeza kasi. Yale ya plastiki ya kawaida tunayoyatumia kwa maji baridi hulegea kwa joto. Yanayofaa ni ya PPR, ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa ncha zake kwa mashine, si kwa gundi. Na usikubali fundi aungamanishe shaba na chuma moja kwa moja, kile chuma kitaliwa upesi.

Kisha nikapiga hesabu. Watu 100 wakitawadha kwa mfereji ulioachwa wazi, tuseme lita 4 kila mmoja, ni lita 400. Kuzipasha kutoka nyuzi 15 hadi 40 kunataka karibu uniti 12 za stima. Wakitumia lita moja moja, hazifiki uniti 3. Mtume alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Wazee wa Lamu waliochota kwa kata kwenye birika, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, waliona maji wanayotumia. Mfereji hauonyeshi. Mifereji ya kubonyeza inayojifunga yenyewe ingepunguza hata ukubwa wa hita ya kununua.

Hita yenyewe ikija, tangi lake livikwe vizuri, kwani joto la kutumia alfajiri ni la jua la jana. Maji ndani yawe nyuzi 60, kwa sababu kati ya 20 na 45 kuna bakteria wa mapafu wanaozaana. Kabla ya kufika mferejini yachanganywe na ya baridi, wasije watoto wakaungua.

Lililonitisha zaidi lilikuwa madrasani. Watoto wamefungiwa madirisha, jiko la makaa katikati. Moshi haupo, lakini makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Nilimwomba maalimu alitoe siku ile ile. Pale panatakiwa dari, ambayo huzuia joto lisitoroke usiku kupitia mabati. Dari hiyo hiyo hapa kwetu ingezuia joto la mchana lisishuke, kabla hatujakimbilia kununua viyoyozi vya kupoza paa la bati.

Mpwa wangu ananiambia mabomba yamekwisha badilishwa, na pesa nazo zimekwisha. Hita bado. Kwa sasa mlinzi huteleka sufuria kubwa nje kabla ya adhana, na yule mzee hukuta kopo lake limeshajazwa.