Chuma, Feleji na Utando: Istilahi za Bunduki ya Marisau

Neno "chuma" hutumika mara nyingi kwa metali yoyote ngumu. Katika hati ya kuielezea bunduki ya marisau ya kukoki kwa mkono, mazoea hayo hupotosha. Sanduku la mtambo la Remington 870, iliyotolewa Marekani mwaka 1950, ni la feleji. La Mossberg 500 ni la aloi ya alumini. Sumaku hubainisha: hunasa feleji hiyo, wala hainasi alumini.

Utata wa pili umo katika neno "rangi". Weusi wenye kuelekea buluu juu ya feleji haukupakwa. Ni oksidi ya chuma iliyotokana na metali yenyewe, na asidi ya kuondolea kutu huuondoa pia. Kijivu kisichong'aa aghalabu ni fosfati. Alumini hutiwa oksidi yake kwa umeme, au hupakwa rangi.

Kwa hiyo twapendekeza "utando wa oksidi ya chuma", "utando wa oksidi ya alumini" na "utando wa fosfati". "Rangi" ibakie kwa kilichopakwa. Mfasiri wa mwongozo wa matunzo akiuita utando "kutu", msomaji wake ataikwangua kinga yenyewe ya silaha.