Pele: Mungu wa kike wa volkano anayeheshimiwa Hawaii hadi leo

MEI 2018, ardhi ilipopasuka katika mtaa wa Leilani Estates, kisiwani Hawaii, na lava ikaanza kububujika kati ya nyumba za watu, baadhi ya wakazi waliweka maua na majani ya mmea uitwao ti kando ya nyufa hizo. Ilikuwa sadaka kwa Pele, mungu wa kike wa volkano.

Mlipuko huo wa volkano ya Kilauea uliteketeza nyumba zaidi ya 700. Hata hivyo, miongoni mwa waliopoteza makazi walikuwapo waliosema kuwa ardhi ile ni ya Pele, naye amekuja kuitwaa.

Kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji wa Hawaii, Pele alitoka kwa mtumbwi katika nchi ya mbali iitwayo Kahiki, akiandamwa na dada yake Namakaokahai, mungu wa bahari, ambaye walikuwa wamegombana.

Alianzia visiwa vya kaskazini magharibi, akichimba kwa fimbo yake kutafuta makao ya moto wake. Kila alipochimba, Kauai, Oahu na kisha Maui, alishindwa na maji ya dada yake. Hatimaye alifika kisiwa cha Hawaii na kufanya maskani yake katika kasoko ya Halemaumau, kileleni mwa Kilauea.

Masimulizi hayo yanakaribiana na maelezo ya wanasayansi. Wao wanasema kuwa bamba la Pasifiki husogea polepole kuelekea kaskazini magharibi, likipita juu ya sehemu yenye joto kali iliyo chini ya sakafu ya bahari. Ndiyo maana Kauai ina umri wa miaka ipatayo milioni 5, ilhali kisiwa cha Hawaii hakijatimiza hata milioni 1.

Pele huitwa mwanamke alaye ardhi, lakini pia ndiye aiumbaye. Mlipuko wa mwaka 2018 uliongeza kisiwani humo takriban kilomita 3.5 za mraba za ardhi mpya, pale lava ilipoingia baharini.

Heshima kwake imestahimili mabadiliko makubwa. Mwaka 1819 watawala wa Hawaii walifuta mfumo wa miiko ya dini ya jadi, na mwaka uliofuata wakawasili wamisionari kutoka Marekani. Mwaka 1824, Kapiolani, mwanamke wa ukoo wa machifu aliyekuwa ameingia Ukristo, alishuka Kilauea akala matunda ya ohelo bila kumtolea Pele, ili kuonyesha kuwa hamwogopi.

Lakini mwaka 1881, lava ya Mauna Loa ilipoukaribia mji wa Hilo, Binti Mfalme Ruth Keelikolani alikwenda kuisihi kwa sadaka. Lava ilikoma kabla ya kuufikia mji. Hadi leo, Pele na mdogo wake Hiiaka husifiwa katika ngoma ya hula.

Imani hiyo imefika hata mahakamani. Katika miaka ya 1980, wenyeji waliunda chama cha kumtetea Pele, wakipinga mpango wa kuchimba visima vya kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini katika msitu wa Wao Kele o Puna. Kwao, kutoboa ardhi hiyo ni kuujeruhi mwili wa Pele.

Hoja ya dini haikukubaliwa na Mahakama Kuu ya Juu ya Hawaii mwaka 1987. Mwaka 1992, hata hivyo, mahakama hiyo ilitambua kuwa haki za jadi za wenyeji kutumia msitu huo zaweza kulindwa kisheria. Mwaka 2006 msitu ulinunuliwa na kukabidhiwa ofisi ya umma inayosimamia masuala ya Wahawaii.

Kiwanda kingine cha umeme wa mvuke kilianza kazi jirani na hapo mwaka 1993. Mwaka 2018 lava ilifunika baadhi ya visima vyake na kukisimamisha, kikarejea kuzalisha umeme mwaka 2020. Mjadala juu yake haujakoma.