Tununue Chuma, Tusinunue Jina

Mtu anayeteremka ardhini kwa kamba, katika giza la duara lililochimbwa kwa mikono, hana nafasi ya kujaribu kamba mbaya mara mbili. Ndiyo maana katika maduka ya zana ya Geita, Kahama na Shinyanga utamwona mchimbaji akifanya jambo ambalo wanunuzi wengine hawalifanyi. Huishika nyundo akaipima uzito mkononi, kisha huigonga kwenye chuma kingine na kutega sikio. Kamba huivuta, akaifumua ncha yake na kuzitazama nyuzi. Bei huiuliza mwisho. Mtu huyo anaijua zana na anaipenda, na sisi tunasema kwamba mapenzi hayo si anasa wala majivuno. Ni busara ya mtu anayetaka kurudi nyumbani jioni.

Busara hiyo ni ya zamani katika nchi hii. Kabla ya ukoloni, wahunzi wa Kirongo katika nchi ya Uzinza, ambayo sehemu yake imo leo ndani ya Mkoa wa Geita, waliyeyusha chuma wakafua majembe yaliyotafutwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Majembe hayo yalikuwa mali: yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka, na yalitolewa mahari. Ubora wake ulikuwa na uso wa mtu, kwani aliyevunjikiwa na jembe alijua ni mlango wa nani wa kwenda kubisha.

Baadaye zikaja zana kutoka mbali, na mahali pa uso wa mhunzi pakakaliwa na chapa. Baiskeli za Raleigh kutoka Uingereza na Phoenix kutoka China zilibeba pamba, mpunga na wagonjwa katika njia za Usukuma. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Taifa likajitengenezea majembe yake katika kiwanda cha UFI pale Ubungo, na mkulima akazijua herufi hizo tatu hata kama hakujua kusoma kitu kingine. Chapa, kwa asili yake, ni ahadi: aliyekitengeneza kitu hiki hakioni haya. Hatuna sababu ya kuichukia. Mashine za Caterpillar ya Marekani zimefanya kazi katika vumbi letu hata jina lake likawa neno la Kiswahili, katapila. Mvuvi wa Ukerewe anayeisifu injini yake ya Yamaha hakudanganywa na tangazo. Amesifu kile kilichomtoa katikati ya ziwa siku ya dhoruba. Wahenga walisema kizuri chajiuza, nasi hatuna la kupinga.

Hata hivyo, mbele ya makampuni makubwa moyo wetu haukai mahali pamoja, kwa kuwa tumeishi nayo muda mrefu. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966. Mgodi wa sasa, ulio chini ya AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwadui ilianzishwa 1940 na Mkanada John Williamson, na baada ya kifo chake 1958 ikapita mikononi mwa De Beers kwa ubia na Serikali. Kampuni hiyo iliifundisha dunia kwamba almasi ni alama ya mapenzi. Mwanakijiji wa jirani hakulijua jina hilo kwa pete. Alilijua kwa uzio. Baadaye ikaja Petra Diamonds, nayo mwaka 2021 ikakubali kulipa pauni za Uingereza milioni 4.3 ili kumaliza madai ya watu 71 waliolalamikia ukiukwaji wa haki za binadamu uliohusishwa na ulinzi wa mgodi huo. Jina linaweza kung'aa London na kutia hofu Kishapu, na yote mawili yakawa kweli.

Lakini haki inatutaka tuseme na jema lao. Langoni mwa mgodi mkubwa hapiti mfanyakazi bila kofia ngumu, viatu vyenye chuma mbele ya vidole, miwani ya kazi na vazi linalong'aa gizani. Kilomita chache kutoka hapo, mchimbaji mdogo huingia duarani kwa kandambili, kitambaa kichwani na tochi iliyofungwa kwa mpira. Dhahabu ni ile ile, mwamba ni ule ule, na fuvu la kichwa ni lile lile. Tofauti ni kwamba ndani ya uzio kuna mtu aliyelazimishwa na sheria na kanuni za kazi kununua zana njema na kuzikagua, na nje ya uzio kila mtu ameachiwa mfuko wake.

Hapo ndipo mwigaji anapopata riziki. Anachukua kofia ya plastiki nyepesi, anaipiga nembo ya kampuni mashuhuri, na kuiuza kwa bei ambayo mnyonge anaimudu. Mwigaji huyo haichukii kampuni. Anatutegemea sisi, tuliozoea kusoma jina bila kugonga chuma. Na makampuni yenyewe hayakosi lawama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: jina likishapendwa, wakati mwingine huongezwa bei bila kuongezwa uimara. Basi mnunuzi anaweza kudhulumiwa mara mbili, kwanza na anayeliiba jina, kisha na anayelimiliki.

Januari 2017 wachimbaji 15 walinaswa chini ya ardhi katika mgodi mmoja mkoani Geita, wakatolewa hai baada ya siku kadhaa. Nchi nzima iliomba pamoja nao. Katika siku zile hakuna aliyeuliza mitambo ya kuwafikia ilikuwa ya chapa gani. Kilichoulizwa ni kama inafanya kazi, na kama ipo karibu.

Ndugu zetu wa visiwani, wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome, hawahitaji kufundishwa somo hili. Kwao jaketi okozi ndiyo kofia ngumu, na mtumbwi ndio kamba. Tena wao walifundishwa kwa machozi sehemu ya pili ya somo. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimezidishiwa mzigo, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Chombo chochote, hata kikiwa chema namna gani, kina kipimo chake. Namba hiyo ya kipimo ni alama yenye thamani kuliko chapa yoyote, nayo haiwekwi na mwenye kampuni peke yake. Hulindwa na Serikali.

Kwa hiyo tunasema bila kumung'unya maneno kwamba kazi ya kuupa ubora uso wa mtu, ile iliyofanywa zamani na mhunzi, leo ni ya umma. Tunalo Shirika la Viwango Tanzania tangu 1975, na tunayo Tume ya Ushindani yenye mamlaka juu ya bidhaa bandia. Tunawaomba viongozi wa vyombo hivyo wasingoje bandarini tu. Waje Katoro, Nyarugusu, Mwakitolyo na Nansio, waipime kofia, kamba na jaketi okozi mbele ya wananchi, na matokeo yabandikwe ukutani. Vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo vya Lwamgasa na Katente vinaweza kuwa pia mahali pa kukodisha zana zilizokaguliwa, ili asiye na fedha ya kununua asilazimike kuazima kifo.

Aidha, kanuni za mwaka 2018 zinazoitaka migodi kutanguliza bidhaa za Watanzania zisiishie kwenye chakula na ulinzi. Shinyanga ni nchi ya ng'ombe, na viatu vya ngozi vinatengenezwa Karanga, Moshi. Kwa nini buti la mchimbaji lisitoke katika ngozi yetu, likapimwa kwa kipimo kile kile kinachotumika kwa buti la Ulaya? Hatusemi linunuliwe kwa huruma. Likipasuka, likataliwe, likidumu, lisifiwe. Kupenda cha kwetu kilicho dhaifu ni kosa sawa na kupenda cha kigeni kwa ajili ya jina lake.

Tunawatakia wachimbaji na wavuvi wetu zana njema, ziwe za Japani, za Marekani au za Ubungo. Lakini tunawasihi waendelee na ile desturi yao ya dukani: waigonge nyundo kwanza, wasikilize, ndipo wasome jina.