Nyani Alivyomshinda Binadamu Vita vya Mbung'o

Mbung'o hubeba vimelea viitwavyo tripanosoma, ambavyo hukondesha ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana lakini vingi havimdhuru mfugaji aliyeumwa na mdudu yuleyule. Kinachomkinga ni APOL1, protini ya damu ambayo kimelea huimeza pamoja na chembe za mafuta, nayo hutoboa utando wa kijifuko kilichomo ndani yake hadi kijifuko kikavimba na kimelea kikafa. Hata hivyo, aina ya rhodesiense, iletayo malale Afrika Mashariki, imejipatia protini inayoikamata APOL1 na kuipokonya nguvu. Na hapo nyani, huyo anayefukuzwa mashambani kama mwizi wa mahindi, amemzidi binadamu, kwa kuwa APOL1 yake ina tofauti ndogo inayoifanya isikamatike. Sokwe, ndugu wa karibu zaidi wa binadamu, hana kabisa protini hiyo, kwani jeni lake, yaani maagizo ya kurithi ya kuiunda, lilikwisha kupotea. Baadhi ya Waafrika nao wana APOL1 iliyobadilika, ambayo huwapa kinga ya kiasi dhidi ya malale, ila anayerithi jeni lililobadilika kutoka kwa wazazi wote wawili hukabiliwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo.